Revumenibu kwa leukemia iliyorudi: kwa nini anayetumia dawa ya fangasi anapewa dozi pungufu?

Mfamasia_Zamu aliuliza:

Wakuu, habari za kazi. Napitia jaribio la AUGMENT-101, lile la vidonge vya revumenibu kwa wagonjwa wa leukemia kali (saratani ya damu) iliyorudi au isiyosikia dawa. Awamu ya kwanza ilipoisha, dozi zilizochaguliwa zilikuwa miligramu 226 na 276 kila baada ya saa 12. Kwa wanaotumia dawa ya fangasi posakonazoli na jamii yake zikashuka hadi 113 na 163. Kwa nini wasingewaambia tu waache dawa ya fangasi? Na ECG zote zile, vipimo vya umeme wa moyo, ni za nini? Halafu, mgonjwa akianza kubanwa na pumzi siku chache baada ya kuanza, mnajuaje kama ni dawa au ni nimonia? Nadharia ya jumla ninayo, natafuta yale ya wodini.

Uboho alijibu:

Mkuu, huyu si mgonjwa wa kumwambia aache dawa ya fangasi. Leukemia ikirudi, uboho umejaa seli changa, na nyutrofili, chembe nyeupe zinazopambana na vijidudu, zinaweza kukaa chini ya 500 kwa kila mikrolita kwa wiki nyingi. Fangasi aina ya Aspergillus akiingia mapafuni hapo, mgonjwa anaweza kuondoka kabla dawa mpya haijafanya lolote. Kumfungia nje ya jaribio nako hakufai, maana utapata matokeo mazuri ya watu ambao wodini huwaoni.

Revumenibu huvunjwa na kimeng'enya CYP3A4 kilichopo kwenye ini na utumbo. Posakonazoli, vorikonazoli na itrakonazoli hukifunga kimeng'enya hicho kwa nguvu, kwa hiyo kidonge kilekile kinaacha dawa nyingi zaidi damuni, na kwa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana waliweka makundi mawili, A bila vizuizi hivyo na B pamoja navyo, kila kundi likipanda ngazi zake za dozi. 113 ni pungufu mdomoni tu. Lengo ni damu ya mgonjwa huyo ifikie kiwango kilekile anachofikia mwenzake wa 226. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilipoidhinisha dawa hii Novemba 2024 kwa leukemia yenye jeni la KMT2A lililohama, ilifuata hesabu hiyohiyo: miligramu 270 mara mbili kwa siku kwa mwenye kilo 40 au zaidi, na 160 kama anatumia kizuizi kikali.

Mambo huharibika katikati ya safari. Homa inapanda usiku, daktari wa zamu anaandika vorikonazoli, na hakuna anayemwarifu mfamasia wa jaribio. Kiwango damuni kinapanda dozi ikiwa ileile. Kinyume chake pia hutokea: posakonazoli inasimamishwa asubuhi, mtu anapandisha revumenibu mchana huohuo, wakati posakonazoli bado ipo mwilini na itachukua siku kadhaa kutoka. Orodha ya dawa zote ikaguliwe kila ziara, pamoja na mitishamba na juisi ya balungi, na mabadiliko yoyote ya dawa ya fangasi yapite kwa mfamasia kabla dozi ya kwanza haijamezwa.

Kuhusu kupanda ngazi, utaratibu unaojulikana zaidi kwenye awamu ya kwanza ni wa watatu watatu. Wagonjwa 3 wanapewa dozi moja na kuangaliwa mzunguko mzima, kwa kawaida siku 28. Asipopata hata mmoja madhara yanayozuia dozi, ngazi inapanda. Akipata mmoja, wanaongezwa 3. Wakifika wawili, mmeshavuka mpaka. Ugumu wa leukemia ni kwamba damu ilikuwa chini tangu mwanzo kwa sababu ya ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo chembe sahani (za kugandisha damu) au nyutrofili kuwa chini peke yake hakuhesabiwi. Huhesabiwa pale uboho unapokuwa umesafika seli za saratani halafu damu ikakataa kupanda, mara nyingi hadi siku ya 42.

Nesi_wa_Onko alijibu:

Naanzia alipoishia Dokta Uboho. ECG ni nyingi kwa sababu katika awamu ile madhara yaliyozuia kupandisha dozi yalikuwa aina moja tu, kurefuka kwa QT, yaani muda ambao umeme wa moyo huchukua katika kila pigo. Kwa 13% ya wagonjwa kulifika daraja la 3, yaani kali.

Mgonjwa alale chali dakika 5 hadi 10 bila simu wala mazungumzo, kisha chukua ECG tatu mfululizo na utumie wastani. ECG itangulie, damu ya kupima kiwango cha dawa ifuate, kwa sababu sindano inabadilisha mapigo. Na siku ya vipimo hivyo asimeze dozi ya asubuhi nyumbani. Akishameza, sampuli ya kabla ya dozi imepotea na haipatikani tena. Mpigieni simu jana yake jioni. Karatasi ya maelekezo pekee haitoshi.

Kosa ninalolikemea kila siku ni kusoma namba iliyochapwa na mashine. QT hurekebishwa kulingana na kasi ya mapigo: mashine nyingi hutumia kanuni ya Bazett, jaribio linataka ya Fridericia. Chukua mgonjwa mwenye homa, mapigo 110, QT milisekunde 340. RR yake, muda kati ya pigo na pigo, ni sekunde 0.545. Kwa Bazett unapata 460, kwa Fridericia 416. Mpaka wa kuanza dawa ni 450. Mgonjwa yuleyule, ECG ileile, mmoja anamrudisha nyumbani na mwingine anamwanzishia dawa.

Kabla ya dozi rekebisha potasiamu na magnesiamu. Sisi tunataka potasiamu isipungue 4.0. QTcF (QT iliyorekebishwa kwa Fridericia) ikivuka 480 simamisha dawa, rekebisha chumvi, subiri ishuke. Ikivuka 500, anaporudi anarudi na dozi iliyopunguzwa. Angalia pia kichefuchefu kimetibiwa na nini na homa imetibiwa na nini, kwa sababu ondansetroni na levofloksasini zote hurefusha QT. Flukonazoli nayo hurefusha. Isavukonazoli huifupisha, na kizuizi chake kwa CYP3A4 ni cha wastani, ndiyo maana timu nyingi huifikiria.

Uboho alijibu:

Swali la pumzi lisisahaulike. Menini ni protini inayoshikamana na KMT2A na kuziacha jeni kama HOXA9 na MEIS1 zikiwaka. Revumenibu inavunja mshikamano huo, na seli changa zinaanza kukomaa. Zikikomaa kwa kishindo zinaleta homa, maji mapafuni, uzito kupanda ghafla, shinikizo kushuka, figo kuchoka. Kwenye ripoti ya awamu ya kwanza hali hiyo ilitokea kwa 16%.

Picha ya kifua haitakutenganishia na nimonia, kwa hiyo usisubiri jibu. Anza vyote viwili: antibayotiki, na steroidi deksamethazoni miligramu 10 kwa mshipa kila saa 12, angalau siku 3 na hadi dalili ziishe. Chembe nyeupe zikipanda, ongeza haidroksiurea ya kuzishusha. Revumenibu yenyewe husimamishwa dalili kali zikiendelea zaidi ya saa 48 baada ya steroidi, au mapema zaidi maisha yakiwa hatarini. Kabla ya kuanza, chembe nyeupe zishushwe chini ya 25,000.

Na mgonjwa aambiwe ukweli wakati wa ridhaa. Kati ya 60 wenye jeni la KMT2A au la NPM1 lililobadilika, 18 walifikia ondoleo kamili au ondoleo lenye damu iliyopanda kiasi. Ni 30%, kwa watu ambao dawa nyingi zilishawashinda. Ni matokeo ya kutia moyo, ila 70% hawakufika hapo, na wa ngazi za chini huwa hawajui kama dozi yao inatosha.

Mfamasia_Zamu aliuliza:

Nimewaelewa, asanteni sana. La mwisho: mgonjwa akija huku nyumbani kusalimia, kisha akapata malaria, au yupo kwenye dawa za TB?

Nesi_wa_Onko alijibu:

Rifampisini, dawa ya TB, inachochea CYP3A4, kiwango kitaanguka, kwa hiyo haziendi pamoja. Dawa ya malaria ya mseto, ALu, ina lumefantrini inayorefusha QT. Malaria haisubiri, kwa hiyo pigeni simu kwa daktari wa jaribio siku hiyohiyo, ECG kabla ya dozi ya kwanza, na msiache ECG vidonge vya siku 3 vikiisha. Lumefantrini hutoka mwilini polepole, nusu yake tu huchukua siku 3 hadi 6, kwa hiyo endeleeni kupima wiki mbili au zaidi.