Mjadala: Picha za vikaragosi zikisafishwa upya, wimbo uliokatwa urudi? Na vijiti vifutwe?

Chogo la Tanga (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Naleta hili hapa kwa sababu nyumbani limeshanishinda. Mke wangu amesema nikilitaja tena anakwenda kulala kwa dada yake.

Picha yenyewe ni The Muppet Christmas Carol ya mwaka 1992. Kwa asiyeijua: ni ile hadithi ya Charles Dickens ya 1843, ya bahili Scrooge anayetembelewa na mizuka usiku wa kuamkia Krismasi, ila humu karibu wote ni vikaragosi. Kuna chura Kermit, kuna Miss Piggy, kuna panya, mpaka mboga zinaimba. Steringi ni Michael Caine, na anavyoigiza utadhani wenzake wote ni watu wenye kitambulisho. Aliyeiongoza ni Brian Henson, mtoto wa Jim Henson aliyewaasisi vikaragosi hao na kufariki Mei 1990.

Mimi niliiona Tanga, kwa mkanda aliotuma mjomba kutoka Marekani. Katikati kuna wimbo unaitwa When Love Is Gone. Belle, mchumba wa Scrooge wa ujanani, anamwacha kwa wimbo. Scrooge mzee amesimama pembeni anautazama ujana wake ukimponyoka, na mwishoni anaimba naye mpaka sauti inamkatikia. Marehemu bibi hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini hapo alikuwa ananyamazisha nyumba nzima, mpaka jogoo nje.

Mwaka 2012 ikatoka kwenye diski ya Blu-ray. Nikanunua, nikawakusanya watoto, nikaweka. Wimbo hamna! Belle anaondoka tu, halafu panya Rizzo analia huku kikaragosi mwenzake Gonzo anambembeleza. Mwanangu akaniuliza: baba, huyu panya analilia nini?

Kisa chake ni hiki. Kabla picha haijaingia kumbini, Jeffrey Katzenberg, aliyekuwa mkubwa wa studio za Disney, aliona watoto watachoka, akataka wimbo utoke. Ukatoka. Kwenye mikanda ya nyumbani ukarudishwa. Miaka ikaenda, walipotaka kuitoa picha kwa ubora mpya, ukanda halisi wa filamu wa kipande kile hauonekani. Desemba 2020 tukaambiwa imepatikana, na Desemba 2022 picha nzima ikawekwa Disney+, huduma yao ya kutazama mtandaoni. Lakini imewekwa wapi? Kule kwenye vya ziada. Ukibonyeza kucheza kama mtu wa kawaida, unaletewa ile iliyokatwa.

Hoja yangu ni mbili. Anayesafisha picha aturudishie tuliyoijua, aiweke sebuleni, si stoo. La pili, nasikia kuna wanaotaka vile vijiti vya kuchezeshea mikono ya vikaragosi vifutwe kwa kompyuta. Hapo napinga kabisa. Karibuni.

Mama Pacha

Kaka Chogo, pole kwa ndoa. Ila kwenye wimbo mimi niko na huyo Katzenberg.

Nina mapacha wa miaka mitano. Krismasi iliyopita nililifungua hilo toleo la ziada, nikaketi nao. Wimbo ulipoanza mmoja akaenda chooni, wa pili akaanza kunidai juisi. Ni dakika kama nne, na anayeimba si chura wala nguruwe, ni dada wa watu aliyevunjika moyo. Mtoto wa miaka mitano uchumba anaujua wapi? Wanaoulilia wimbo huu wote wana mvi. Sasa picha ya familia ni ya familia, au ni ya baba mmoja na kumbukumbu zake za Tanga?

Halafu unasema "turudishiwe". Iliyoingia sinema Desemba 1992 haikuwa na wimbo. Mkanda wenu ndio ulioongezewa. Kama tunagombea ya asili, ya asili ni yangu.

Fundi Deki

Kwanza, Chogo, huo mkanda wa Marekani mliuchezaje? Mfumo wao na wetu ni tofauti. Ukiutia kwenye deki ya kawaida ya huku, unapata picha isiyo na rangi, inapanda juu kama pazia lililokatika kamba. Lazima mlikuwa na ile deki ya mifumo yote.

Pili, tuelewane tunachoombea. VHS, yaani huo mkanda, inatoa mistari kama 240 hivi. 4K, ule ubora mpya, ni nukta 3,840 kwa 2,160. Filamu ya milimita 35 imebeba mambo ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyaona kwenye TV ya chogo. Kwa hiyo ukisema "kama nilivyoiona", ulichoona wewe kilikuwa ukungu. Vijiti hukuviona, ndiyo maana leo vinakushtua.

Na wimbo haukufichwa kwa roho mbaya. Miaka yote ile walichobaki nacho ni nakala ya video. DVD ya Marekani ya 2005 ilikuwa na wimbo kwenye toleo la skrini ya mraba tu, kwa sababu ndivyo nakala ilivyokuwa. Ukiichomeka nakala hiyo katikati ya Blu-ray, ni kiraka cha kaniki kwenye kanzu ya Idi. Mimi kama fundi nisingeichomeka.

Mnachopaswa kugombania ni chembechembe. Filamu ina punje zake, zinatembeatembea kwenye picha kama vumbi la mwanga. Kuna wasafishaji wanazisugua kwa programu ili picha iwe laini kwenye flati, na punje zikitoka zinaondoka na manyoya. Wale vikaragosi wameshonwa kwa kitambaa chenye vinyweleo. Ukisugua, chura anabaki kama ndoo ya plastiki. Nimehamisha mikanda ya harusi kwa miaka mingi. Mteja anakwambia "toa hizo punje", unatoa, kesho anarudi: "Fundi, mbona bibi harusi hana ngozi?" Nikamwambia ngozi umeniambia mwenyewe niitoe. Hakunilipa salio.

Chogo la Tanga

Fundi, deki ilikuwa ya mifumo yote, baba aliitoa Dubai. Na nakubali, 2012 walikuwa hawana pa kuutoa wimbo. Sasa wanao, tena umesafishwa. Kisingizio kimekwisha.

Dada Mama Pacha, umenibana kwenye sinema, sikatai. Lakini sikiliza picha inavyoisha. Wimbo wa kufungia, The Love We Found, ni muziki uleule wa Belle, mtunzi wa nyimbo, Paul Williams, kaurudia kwa makusudi. Mzee aliyeachwa kwa wimbo ule anakuja kuupokea tena mezani, amezungukwa na watu. Ukikata wa kwanza, wa mwisho ni kibwagizo kilichopotelewa na ubeti wake. Na mwongozaji mwenyewe aliutaka wimbo huo. Watoto wako wakienda chooni waende tu, picha haiwaangalii.

Mikono Juu

Salaam kutoka Nairobi. Niliwahi kuchezesha vikaragosi kwa miaka michache, kipindi sitakitaja, na mgongo wangu bado unakikumbuka. Mkono wa kulia uko ndani ya kichwa, wa kushoto umeshika vijiti viwili, shingo imepinda kwa sababu unatazama monita iliyo miguuni. Ukitaka kikaragosi ajikune sikio, ni kazi ya asubuhi nzima.

Wengi wanafikiri kijiti ni kasoro iliyosahaulika kwenye picha. Kijiti ndicho mkono wenyewe. Kiwiko cha Kermit kinakwenda vile kinavyokwenda kwa sababu kuna waya unaousukuma mkono kutoka chini. Ufute waya, mwendo unabaki uleule, ila sasa hauna sababu, mkono unaelea kama wa mlevi. Picha za siku hizi hufuta vijiti, lakini mchezeshaji anajua mapema kwamba vitafutwa, kwa hiyo anavishika atakavyo. Wa zamani hakuambiwa.

Mfano mwingine: mwanzo wa The Muppet Movie, picha yao ya 1979. Chura amekaa juu ya gogo katikati ya kinamasi anapiga banjo, peke yake, maji kila upande. Jim Henson alikuwa chini ya hayo maji, amekunjwa ndani ya pipa la chuma, mkono umepita juu kwenye gogo. Na hapo kwenye Christmas Carol ya Chogo, sakafu nyingi ziling'olewa ili wachezeshaji wasimame chini, Michael Caine akawa anatembea juu ya mbao nyembamba katikati yao. Itazame tena ukijua hilo, utaona anavyopiga hatua kwa adabu.

Sasa nitawaudhi wote. Kijiti kwangu hakiguswi. Lakini ikitokea uzi wa kuninginizia umemulikwa na taa kwa bahati mbaya, ukapiga mstari mweupe juu ya anga, mimi nitaufuta na nitalala usingizi. Wenyewe siku ile walipaka rangi usionekane. Wangekuwa na njia, wangeufuta kabla ya chai ya saa nne.

Fundi Deki

Mikono, ukishaingia na kifutio kwenye uzi nani atakuzuia kwenye kijiti? Mteja hajui tofauti. Ataona umefuta kimoja, atataka vyote.

Mikono Juu

Atanizuia mtu aliyewahi kushika kijiti. Tatizo ni kwamba hatuitwi.

Abu Nassor, Muscat

Jamani, mnagombea matandiko na nyumba si yenu. Disney iliwanunua hawa Muppet mwaka 2004. The Muppets Take Manhattan ya 1984 iko kwa Sony. The Dark Crystal na Labyrinth, picha nyingine za vikaragosi, zimebaki kwa kampuni ya akina Henson wenyewe. Kila mlango una mpishi wake. The Dark Crystal ilipata diski ya 4K mwaka 2018, na ukiiweka unahesabu mikunjo kwenye shingo za wale Skeksis, mijitu mibaya ya humo, mpaka unajikuna. Wengine wanangoja foleni.

Na angalieni kipindi chao cha TV, The Muppet Show. Misimu mitano, DVD zikatoka za misimu mitatu, ya nne na ya tano tukaambulia patupu. Februari 2021 vikawekwa Disney+, baadhi vimetanguliziwa onyo, vingine havipo. Mimi za misimu mitatu ninazo kabatini, ingawa nazo baadhi ya nyimbo zilikatwa kwa sababu ya haki za muziki. Kwa hiyo hata kabati langu lina matundu. Ila matundu yake nayajua, hayaongezeki nikiwa nimelala.

Mama Pacha

Nimesoma yote, narudi na ushahidi dhidi yangu mwenyewe, ila nusu tu.

Jana nimewawekea tena. Mmoja wa mapacha akasimamisha picha, akaenda mpaka kwenye TV, akaweka kidole: "Mama, hii fimbo ya nini?" Nikamweleza alivyosema huyu ndugu wa Nairobi. Akatoweka. Nusu saa baadaye nakuta soksi ya baba yao imetiwa vifungo viwili vya shati langu la kazini, na mikononi zimefungwa njiti mbili za fagio la chelewa. Chura, eti. Amemchezesha mpaka saa tatu usiku, na pacha mwenzake amejificha nyuma ya kochi anatoa sauti.

Kwa hiyo vijiti vibaki, nimebadilika. Wimbo sijabadilika. Wauweke, lakini waulize mwanzoni: unataka na wimbo au bila? Rimoti ishikwe na mama.

Chogo la Tanga

Kuulizwa mwanzoni nakubali, dada. Rimoti tutaizungumza.

Fundi Deki

Chogo, swali moja. Ule mkanda wa bibi bado upo?

Chogo la Tanga

Upo, kwenye sanduku, chini ya khanga zake. Nimeutoa leo kwa ajili ya mjadala huu. Ukitazama kwenye kile kidirisha kuna weupeweupe pembeni ya utepe, kama unga. Nimeazima deki kwa jirani, nataka niujaribu usiku huu.

Fundi Deki

Usiutie! Huo ni ukungu, unyevu wa pwani huo. Ukizunguka tu, umechafua vichwa vya deki ya watu na utepe unakatika. Ufunge kwenye karatasi, si mfuko wa nailoni, weka pakavu, unipe kwa basi la asubuhi. Namba nakutumia faragha.