Naomba ushauri: ni mbizi zipi zinazohesabika kabla ya kuanza kozi ya daivimasta?

KijanaWaMatemwe ameandika:

Wanajukwaa, habari zenu. Mimi ni msaidizi wa boti katika kituo kimoja cha kuzamia kaskazini mwa Unguja, na tayari nina cheti cha uokoaji cha PADI, shirika la kimataifa la mafunzo ya kuzamia. Nakusudia kuanza kozi ya daivimasta, yaani kiongozi wa wazamiaji, kaskazi itakapotulia, na kama wengi wenu mnavyojua, sharti mojawapo ni kuwa na mbizi 40 zilizoandikwa kwenye daftari ili uanze kozi, na 60 ili upewe cheti. Nimebakiza chache tu kufikia hizo 40, lakini tatizo langu haliko kwenye idadi.

Sehemu ya mbizi zangu nilizifanya nikiwa kazini: kushuka kufunga kamba ya boti kwenye boya, kunasua nanga iliyoshika mwamba, au kutafuta mkanda wa risasi (vipande vya uzito vya kumsaidia mzamiaji kushuka) wa mgeni ulioanguka. Mara nyingi huwa ni mita 6 au 8, na baadhi hazikufika hata robo saa. Nyingine ni zile ambazo nafasi ilibaki kwenye boti ya kwenda Mnemba, nikaruhusiwa kushuka nyuma ya kundi la wageni. Nyingine tena ni za bwawani, nikimsaidia mwalimu wakati wanafunzi wanajifunza kutoa maji kwenye miwani. Halafu kuna miaka yote niliyozama na baba yangu kutafuta pweza, bila mtungi.

Wenzangu kazini wanasema niandike kila kitu nilipolowa. Mwalimu mmoja aliyepitia daftari langu aliniambia nifute karibu nusu. Naombeni mnieleze, hasa nyinyi mliokwisha kuwa walimu: ni ipi inayohesabika kuwa uzoefu wa kweli, na ni ipi ya kujaza karatasi?

Nahodha_Msaidizi amejibu:

Andika zote, kijana. Mimi sijawahi kumwona mgeni anayemwomba daivimasta daftari lake kabla ya kuruka majini. Wanachotaka ni kuona kasa na kurudi hotelini salama.

MwalimuWaMkondo amejibu:

Kaka KijanaWaMatemwe, nianze na lililo rahisi. Za bwawani usizihesabu, kwa sababu sharti la mbizi 40 linahusu maji ya wazi, na hakuna mwalimu makini atakayekupokelea hizo. Za pweza nazo hazihesabiki, ingawa mimi binafsi ningependa kuzisoma. Ziandike ukurasa wa mwisho wa daftari kwa maelezo machache, kwamba umekulia majini, unajua maji kujaa na kupwa, na unaweza kukaa chini bila kutaharuki. Siku utakapotakiwa kuogelea mita 400 bila mapezi na kuelea dakika 15, na hayo yamo katika kozi, utoto huo utakufaa kuliko mbizi ishirini za kitalii.

Kuhusu za nanga na kamba, kipimo kinachotumiwa na walimu wengi kimetokana na kile cha kozi ya msingi ya PADI, ambako mbizi ya mafunzo katika maji ya wazi inatakiwa iwe ya mita 5 au zaidi kwa sehemu kubwa ya muda, na idumu angalau dakika 20 au mzamiaji avute angalau lita 1,400 za hewa. Kwa hiyo kama ulishuka mita 7 ukakaa dakika 25 ukipambana na nanga, iandike bila wasiwasi, na uandike wazi kwamba ilikuwa ya kunasua nanga. Kama ulishuka dakika nne, ukapanda kuomba kisu, ukashuka tena, ukapanda tena, hapo hukupiga mbizi mbili. Kompyuta nyingi za kuzamia, zile za mkononi zinazopima kina na muda, hazitaifunga mbizi ukikaa juu dakika chache tu. Zinaendelea na hesabu ileile, na zina sababu. Kupanda na kushuka namna hiyo ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa mgandamizo (mapovu ya gesi mwilini shinikizo linapopungua), hata kama kina ni kidogo, kwa hiyo mwambie nahodha wako asikugeuze ndoo ya kisimani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona wengi wanalipita haraka. Daftari lenye tarehe, jina la mwamba na saini peke yake halinielezi chochote. Nipe ukurasa wenye bari (kipimo cha shinikizo la hewa mtungini) ulizoanza nazo na ulizomaliza nazo, ukubwa wa mtungi, muda, na kina cha wastani, kisha nitakuonyesha uzoefu wako uko wapi. Chukua mfano wa mtungi wa alumini wa lita 11.1, ambao ndio tunaoutumia karibu vituo vyote vya hapa. Umeshuka na bari 200, umepanda na 50, umekaa dakika 45, na kina cha wastani ni mita 15. Bari 150 ulizotumia ni kama lita 1,665. Gawanya kwa 45, unapata lita 37 kwa dakika. Katika mita 15 shinikizo ni mara 2.5 ya lile la juu, kwa hiyo ukigawanya tena unabaki na lita 15 hivi kwa dakika, na hiyo ndiyo pumzi yako ya juu ya maji, yaani hewa ambayo ungevuta kwa dakika ukiwa juu.

Fanya hesabu hiyo kwa mbizi zako zote zenye takwimu. Utaona siku ya mkondo mkali namba inapanda, siku uliyokuwa umechoka inapanda, na baada ya kupunguza risasi mbili kiunoni inashuka. Mwenye kuijua namba yake anajua pia kumkadiria mwingine: mgeni mwenye hofu anayevuta lita 25 kwa dakika, ukimpeleka mita 20 ambako shinikizo ni mara 3, anakula lita 75 kila dakika, na zile bari 150 zitakwisha kabla ya dakika 23. Daivimasta anatakiwa ayajue hayo akiwa bado kwenye boti, wakati anapanga nani ashuke na nani.

MwanaPemba amejibu:

Mwalimu, nakuheshimu, lakini sikubaliani nawe unapozipima mbizi za kazi kwa dakika. Kijana aliyenasua nanga kwenye mita 8, peke yake, maji yakiwa machafu na kamba ikimzunguka, amelazimika kufikiri. Yule aliyefuata mapezi ya kiongozi kwa dakika 50 pale Mnemba, akipiga picha, amefikiri nini? Kiongozi ndiye aliyechagua kina, ndiye aliyeamua kugeuka, ndiye aliyetoa boya, ndiye aliyehesabu dakika 3 za kusimama kwenye mita 5 kwa usalama kabla ya kupanda. Mimi ningefuta hizo za kitalii kwanza.

Tena huku kwetu wapo watu waliozama kwa mitungi miaka mingi wakitafuta majongoo bahari. Saa walizokaa chini zinaweza kuwazidi walimu wengi.

MwalimuWaMkondo amejibu:

Ndugu MwanaPemba, hoja yako ya kwanza naipokea, isipokuwa neno "peke yake", ambalo ningependa lisionekane kwenye daftari la mtu anayeomba kuwa kiongozi. Kuhusu wapiga mbizi wa majongoo, hapo ndipo ninapoona umuhimu wa kutenganisha muda na uzoefu. Wengi wao walishuka bila kompyuta, wakarudia mara nyingi kwa siku, wakapanda haraka hewa ilipokata, na wapo walioishia na miguu isiyobeba mwili. Wana ujasiri na wana macho ya bahari, hilo silibishi. Lakini miaka yote hiyo waliurudia utaratibu mmoja wenye kasoro, na ukiurudia mara elfu, mwili unaukariri kuwa ndio sahihi. Nimewahi kumfundisha mmoja wao, na kazi kubwa ilikuwa kumfanya apande polepole.

BintiMatrah amejibu:

Assalaam alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Unguja ninayeishi Maskati, na ninazamia zaidi visiwa vya Daymaniyat. Nina jambo la kuongeza kuhusu aina za mbizi, kwa kuwa huku tunapokea wazamiaji waliojifunzia Zanzibar.

Maji ya kwetu Unguja ni ya nyuzi 25 hadi 29 mwaka mzima, na katika miezi mizuri mtu anaona mbali. Huku wakati wa kiangazi unaweza kuwa kwenye maji ya vuguvugu, ukashuka mita chache tu, ukaingia kwenye tabaka la baridi linalokukata pumzi, na uoni ukapungua papo hapo. Nimemwona mzamiaji mwenye daftari nene akianza kuhema kwenye mstari huo, kwa sababu mbizi zake zote zilifanyika kwenye miamba ileile miwili mitatu, msimu uleule, saa zilezile za asubuhi. Hakuwa mzamiaji mbaya. Ni kwamba mbizi ya sitini aliyokuwa nayo ilifanana na ya kumi.

Kwa hiyo kaka yangu, hizo chache ulizobakiza usizimalizie zote Mnemba. Tafuta ya usiku. Tafuta ya mkondo, na ya bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) uilinganishe na ya maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo) mahali palepale. Ukipata nafasi ya kwenda Mafia, Kinasi ni mlango wa bahari unaofundisha mambo ambayo hakuna kitabu kitakufundisha, kwa sababu ukikosea saa ya kuingia utapelekwa usikotaka. Kwa walio Mombasa ipo meli ya Dania, iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 ili iwe makazi ya samaki, nayo inafaa kwa mtu anayetaka kujifunza kina na mabaki ya meli kwa uangalizi.

KijanaWaMatemwe ameandika:

Nawashukuru sana. Mwalimu, za bwawani nimezifuta, na za nanga nimebakisha zile zilizotimiza kipimo ulichonitajia. Hapo zilipungua kweli, lakini si nusu. Sasa naomba kuuliza kuhusu zile za Mnemba. MwanaPemba amesema nilifuata mapezi tu, na sina la kumjibu, kwa sababu ndivyo ilivyo: msaidizi wa boti akipewa nafasi ya bure hawezi kuanza kumwambia kiongozi wapi pa kupita. Je, kuna namna ya kuifanya mbizi ya aina hiyo iwe na faida, au nisubiri hadi kozi ianze?

MenejaWaKituo amejibu:

Naomba nijibu hili, kwa kuwa mimi ndiye ninayeajiri, na vijana kama wewe ndio ninaowatafuta.

Anapokuja mtu kuomba kazi ya udaivimasta, jumla ya mbizi naiangalia mara moja tu, kisha nasoma kurasa zake kumi za mwisho. Naangalia tarehe kwanza. Mwenye mbizi 300 ambaye hajashuka kwa mwaka mzima namchukulia kama mtu anayehitaji kurudia mafunzo. Hata wazamiaji wa utafiti wanaofuata taratibu za AAUS, chama cha wazamiaji wa kisayansi cha Marekani, wanatakiwa wapige angalau 12 kwa mwaka ili wabaki kwenye orodha. Baada ya hapo nampeleka majini. Tunashuka mita 6, namwomba aelee bila kushika kitu na bila kupiga mikono, abadilishe miwani, kisha atoe boya lake la ishara huku akibaki kwenye kina hichohicho. Dakika kumi zinatosha. Aliyejaza karatasi utamwona anapanda na boya lake.

Kuhusu kufuata kundi: usiombe kuongoza, omba kupanga. Kabla ya kuruka, muulize kiongozi mkondo unaelekea wapi na kwa nini ameamua muanzie upande huo. Andika kwenye ubao wako wa chini ya maji unachodhani kitatokea: mtageuka dakika ya ngapi, nani atamaliza hewa wa kwanza, boti itawakuta wapi. Ukiwa chini, kaa nyuma na pembeni kidogo, uwaone wote. Mtazame mwanamama yule aliyefunga risasi nyingi kupita kiasi, anavyosimama wima na kuvuruga mchanga, ujiulize ungemsaidiaje. Mkirudi kwenye boti, linganisha ulichoandika na kilichotokea. Mbizi hiyo mimi nitaihesabu, hata kama hukugusa kitu.

Nahodha_Msaidizi amesema wageni hawaombi daftari. Ni kweli. Lakini ikitokea ajali, wapo watakaoliomba, na watalisoma ukurasa kwa ukurasa.

Nahodha_Msaidizi amejibu:

Meneja, hapo umenifunga mdomo. Ila na nyinyi mameneja muwape vijana wa boti nafasi zaidi za kushuka, maana nafasi ikibaki mnaiuza.

MenejaWaKituo amejibu:

Nimekusikia, Nahodha.

KijanaWaMatemwe ameandika:

La mwisho, wakuu. Katika zile za nanga nilizobakisha, zipo ambazo hazina saini ya mtu yeyote, kwa sababu nilikuwa nashuka na mfanyakazi mwenzangu ambaye ameshahama kituo. Rafiki yangu amejitolea kunisainia zote kwa siku moja. Nifanyeje?

MwalimuWaMkondo amejibu:

Mshukuru rafiki yako na umkatalie. Kama huyo mwenza wako aliyehama bado anapatikana kwa simu, mtumie picha ya kurasa hizo, na mkikutana asaini mwenyewe. Kama ulivaa kompyuta, pakua kumbukumbu zake kwenye simu kabla hazijafutwa na mpya, kwa kuwa kompyuta za bei nafuu hazitunzi nyingi, kisha uzichapishe na kuzibandika kwenye kurasa husika. Kituo chenu pia kina orodha ya boti ya kila siku, inayoonyesha nani alitoka na mitungi mingapi ilitumika; mwombe anayeitunza akugongee muhuri kwa siku zinazolingana. Ambazo hazina shahidi, hazina kompyuta na hazimo kwenye orodha, ziache kwenye daftari bila namba, na uzirudishie kwa kushuka tena. Jumamosi maji yatakuwa mafu na boti yetu ina nafasi mbili. Njoo na ubao wako, tukutane ufukweni saa moja na nusu asubuhi.