Bastola ndogo mpya, slaidi haifungi vizuri: springi ya kiwanda au ya nje?

Kisiki: Wakuu, heshima kwenu. Nimenunua bastola ndogo ya kubeba kiunoni, 9mm, mpya kabisa. Slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma na mbele, inagoma kufunga hadi mwisho, mpaka niisukume kwa kidole gumba ndipo inakaa. Fundi mmoja anasema niagize springi nyingine ya kuirudisha slaidi mbele, ileile ya kiwanda. Mwingine anataka niweke springi ngumu zaidi ya kampuni nyingine, yenye fimbo ya katikati ya chuma badala ya plastiki. Muuzaji naye anasema niirudishe, waranti ipo. Mngekuwa nyie mngechagua lipi?

Mtutu_Mfupi: Mkuu, habari umetuachia nusu. Modeli gani? Mtutu inchi ngapi? Risasi za greni ngapi, yaani uzito wa kichwa cha risasi? Inagoma unapoingiza risasi ya kwanza au katikati ya kupiga? Bila hayo tunabahatisha tu.

Bi_Shabaha: Na uliisafisha kabla ya kwenda nayo uwanjani? Bastola nyingi mpya hutoka kiwandani zimepakwa mafuta ya kuzuia kutu, na hayo si ya kulainisha. Halafu tafadhali acha kusukuma slaidi kwa kidole. Huenda risasi yenyewe ina kasoro au kuna uchafu ndani ya chemba, pale risasi inapokaa, nawe unalazimisha. Toa magazini, vuta slaidi, kagua.

Kisiki: Asante dada. Mtutu ni inchi 3 na kidogo, risasi greni 115 za mazoezi. Hugoma zaidi ile ya kwanza, magazini ikiwa imejaa, ninapoirudisha slaidi taratibu kwa mkono.

Mtutu_Mfupi: Hapo kwenye "taratibu" ndipo penye shida. Vuta hadi mwisho uiachie ijirudie yenyewe. Magazini iliyojaa inaibana slaidi kwa chini, na ukiisindikiza kwa mkono unaipunguzia springi nguvu.

Kisiki: Nimeelewa, ila hata katikati ya kupiga imeshagoma.

NguvuMoja: Weka fimbo ya chuma na springi ngumu umalize maneno. Plastiki kwenye silaha ya kulinda uhai mimi siikubali.

Mzee_Baruti: NguvuMoja, hapo utampoteza kijana. Bastola ndogo ina slaidi nyepesi na safari yake kurudi nyuma ni fupi, kwa hiyo springi tayari ni ngumu. Nyingi zina springi mbili, moja ndani ya nyingine. Bastola aina ya 1911 yenye mtutu wa inchi 5, ya risasi za .45, hutumia springi ya ratili 16 hivi, lakini zile fupi za familia hiyo hupita 20.

Rafiki yangu aliwekewa springi ngumu na fundi kwenye bastola ya inchi 3. Siku ya kwanza ikafunga kwa kishindo, kila mtu akasifu. Tulipoanza mazoezi, maganda yakawa yanasimama wima mlangoni mwa slaidi, kwa sababu risasi za greni 115 hazikuwa na nguvu ya kuirudisha nyuma kabisa. Magazini ikiisha slaidi haibaki wazi, naye anaendelea kufyatua chemba tupu akidhani bado ana risasi. Fundi akalaumu risasi, kisha akalaumu mkono wa mpigaji, kisha magazini. Wakamrudishia springi ya kiwanda na matatizo yote yakaisha. Silaha ya kubeba haitakiwi kuwa ya majaribio.

NguvuMoja: Mzee wangu, fundi mmoja mbovu si ushahidi. Viwanda navyo hukosea. Kampuni ya Glock yenyewe mwaka 2011 walitangaza kubadilisha springi za bastola zao za Gen4, toleo la nne, bila malipo.

Mzee_Baruti: Ndiyo, na walibadilisha kwa springi yao wenyewe.

Bi_Shabaha: Kisiki, jipime. Hakikisha haina risasi, chemba na magazini tupu, risasi ziwe chumba kingine. Elekeza mahali salama, mdomo juu nyuzi 45 hivi. Vuta slaidi nyuma, bana kifyatulio ukishikilie, kisha iachie slaidi pole pole. Isipofunga, springi ni dhaifu au kuna kinachoizuia.

Kijana_wa_Shabaha: Mimi nasikia ukiiacha slaidi wazi usiku kucha springi inalainika.

Mtutu_Mfupi: Springi nzuri haichoki kwa kukaa imebanwa, inachoka kwa kubanwa na kuachiwa mara nyingi.

Kijana_wa_Shabaha: Magazini yangu mpya ilikuwa ngumu, nikaiacha imejaa, sasa inaingia risasi zote bila shida. Hiyo mnaielezaje?

Mtutu_Mfupi: Springi mpya hulegea kidogo mwanzoni kisha hutulia. Ndiyo maana kampuni ya bastola ya Kahr huandika kwenye kitabu chao upige risasi 200 kabla ya kuitegemea.

Bi_Shabaha: Risasi 200 kwa gharama ya nani? Kitu kipya kifanye kazi. Mimi ningeirudisha kwa waranti.

Chungu_Sita: Ndiyo maana mimi nabeba rivolva, ile ya silinda inayozunguka. Haina slaidi wala springi ya kuirudisha.

NguvuMoja: Na kifyatulio chake kizito, ratili 10 na zaidi. Utalenga nini?

Chungu_Sita: Kwa umbali wa kujilinda kinatosha, mazoezi tu.

Mzee_Baruti: Hata hizo zikiwa nyepesi sana zina lake. Mshtuko huvuta kichwa cha risasi kikatoka kwenye ganda, kikazuia silinda kuzunguka. Chungu_Sita, ya kwako ni ya chuma au ya alumini?