Tupeane uzoefu: usiku uliolala zizini kwa ajili ya ng'ombe

Mfugaji wa Bahati
Leo alfajiri nimesikia ng'ombe wa jirani akilia, ule mlio wa kuzaa, nikajikuta nimeshavaa gambuti kabla ya kukumbuka wangu wote wako salama. Basi nauliza: usiku gani hutausahau?

Wangu ni wa ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe. Mtamba wa miezi kumi, tezi ya chini ya sikio imevimba kama yai, anahema kama aliyekimbizwa. Nilikaa siku mbili nikidhani ni baridi. Alikufa kukipambazuka, povu jeupe puani. Tangu hapo wiki haipiti bila kunyunyiza dawa ya kupe, na masikio nayapapasa ndani kwa vidole, maana kupe wa kahawia ndiko anakojificha.

Kijana wa Molo
Pole sana. Hilo povu nalijua.

Dada wa Muhoroni
Kwetu ni kufura tumbo. Ng'ombe alivunja ua akala viazi vitamu vya jirani, majani bado yana umande. Ubavu wa kushoto ulikaza kama ngoma. Mafuta ya kupikia yalimwokoa.

Mama wa Njoro
Mmenigusa kidonda. Ng'ombe wangu ni Friesian, uzao wa nne, lita 24 kwa siku. Alizaa saa kumi jioni bila shida, kondo likatoka, ndama akanyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza, nikaingia jikoni. Saa tatu usiku narudi na taa, namkuta amelalia kifua, shingo ameipinda, pua imeelekea ubavuni kana kwamba anasikiliza tumbo lake. Namshika masikio: baridi kama jiwe la mtoni. Namsukuma, hata hatikisiki.

Daktari wa mifugo akaniambia kwa simu ni homa ya maziwa. Inaitwa homa lakini mwili unapoa, kwa sababu kalsiamu ya damu imekimbilia kwenye maziwa. Akasema nisimwache alale ubavu, hewa itamjaa tumboni. Mimi na mwanangu tukaburuta magunia ya mahindi, tukamkingia huku na huku. Mvua ya Aprili mnaijua. Pikipiki ya daktari ilizama kwenye tope, akamalizia kwa miguu, chupa za dawa ya kalsiamu amezikumbatia ndani ya koti.

Alizipasha kwenye sufuria ya maji ya uvuguvugu, akapata mshipa wa shingo, akainua chupa kidogo tu. Nikapiga kelele, daktari inua, anakufa! Akanijibu, mama, nikiharakisha moyo utasimama. Muda wote alikuwa anausikiliza. Chupa ikiwa nusu, misuli ya paja ikaanza kutetemeka. Ng'ombe akapiga mbweu. Akakojoa, mkojo mrefu sijawahi kuuona. Saa saba kasoro akainua miguu ya nyuma, kisha ya mbele, akamtafuta ndama wake. Nilikaa kwenye samadi nikalia.

Kijana wa Molo
Mama, nimesoma mara mbili. Asante Mungu.

Mzee wa Rongai
Pole mama. Lakini jioni ile ulimkamua akaisha? Ng'ombe wa maziwa mengi, siku mbili za kwanza usimkaushe kiwele. Mkamulie ndama tu.

Kijana wa Molo
Mzee, kwa heshima, ukiacha maziwa kiweleni unaita ugonjwa wa kiwele. Mimi nilipoteza chuchu mbili za ng'ombe mmoja hivyo.

Mzee wa Rongai
Ugonjwa wa kiwele unaletwa na uchafu, kijana wangu. Osha mikono.

Kijana wa Molo
Nanawa, mzee wangu. Na chuchu nachovya dawa kila nikimaliza.

Mfugaji wa Kuresoi
Mimi naweka chupa mbili za dawa hiyo nyumbani, nikiona shingo imepinda naingiza mwenyewe.

Mfugaji wa Bahati
Mshipani? Umesikia daktari alivyosema kuhusu moyo? Utamuua mbele ya watoto wako.

Mfugaji wa Kuresoi
Njoo huku mvua ikikata barabara, ndipo uniambie nimngoje nani.

Mama wa Njoro
Msigombane. Daktari alinionyesha kwamba ile dawa inaweza pia kuwekwa chini ya ngozi, ukiigawa sehemu kadhaa. Inafanya kazi polepole, lakini haimshtui moyo. Kuresoi, mwombe daktari wako akufundishe hiyo.

Dada wa Muhoroni
Na msimnyweshe kitu ng'ombe aliyelala hivyo! Koo halina nguvu. Shemeji yangu alimmiminia wake uji, ukaingia mapafuni, ng'ombe akafa siku ya tatu. Yale mafuta yangu nilimpa akiwa amesimama, anameza.

Mzee wa Rongai
Wiki za mwisho kabla hajazaa mpunguzie majani ya alfalfa. Ina kalsiamu nyingi, mwili unazoea kuletewa, unasahau kuitoa mifupani.

Mfugaji wa Kuresoi
Mimi nawapa alfalfa mpaka siku ya kuzaa na hawajaanguka.

Mzee wa Rongai
Wanatoa lita ngapi?

Mfugaji wa Kuresoi
Nane.

Mzee wa Rongai
Basi hao ni nadra kuanguka.

Kijana wa Molo
Dawa kamili ni kuoa kwa daktari wa mifugo. Shemeji hakatai simu ya usiku.

Mfugaji wa Bahati
Mama Njoro, ndama je?

Mama wa Njoro
Ni jike. Tulimwita Mvua. Mama yake anazaa tena mwezi ujao na tayari silali vizuri.

Mama mgeni, Subukia
Samahani, nilikuwa nasoma tu. Wangu amezaa saa kumi na moja, uzao wa tatu. Sasa amelala na hataki kuinuka. Kuna mtu yuko macho?

Mama wa Njoro
Niko macho, dada. Piga simu kwa daktari sasa hivi, kisha mshike masikio uniambie.