Vifungio vya kifuniko cha injini: niachane na bawaba?

Muulizaji, Malindi
Asalaam aleikum. Ndege ninayoiunda nyumbani, ya viti viwili, imefika kwenye kifuniko cha injini. Nilikifunga kwa bawaba ndefu ya alumini. Juzi, baada ya kuiwasha injini mara ya tano tu, nimekuta vijicho vitatu vya bawaba vimekatika upande wa chini. Ile waya ya kuchomeka nayo haitoki bila koleo, chumvi imeshaila.

Nataka kutia Camloc, vile vifungio vya pini unavyovifunga kwa kuzungusha robo mzunguko. Ninachoogopa ni kutoboa. Kifuniko ni cha faiba, ninacho kimoja, kimenigharimu akiba ya miezi. Mlipataje mahali pa matundu, na kifuniko chenyewe kinaficha ukingo wa alumini ulio chini yake? Na niweke kila baada ya umbali gani?

Fundi wa ndege, Malindi
Waaleikum salaam, kaka. Kama hujapaka rangi, una bahati: faiba tupu hupitisha mwanga. Toboa kwanza ukingo wa alumini, matundu ya milimita 3. Kivishe kifuniko cha juu, cha chini kikiwa kimetolewa, mwenzako amulike tochi kutokea chini. Kila tundu litaonekana kama nukta. Fanya magharibi, si jua la saa sita.

Anzia katikati juu, ushuke kulia na kushoto kwa zamu. Kila tundu libane na Cleco, kile kibanio cha muda cha kuchomeka tunduni, kabla ya kutoboa jingine. Ukianzia pembeni, faiba itafura katikati na hutakuwa na pa kuipeleka.

Umbali, sentimita 8 hadi 10. Hewa inayoingia mbele hujazana juu ya silinda, ikasukuma kifuniko kwa nje. Ukiachanisha sana kitavimba kati ya vifungio. Urefu wa pini usiagize sasa. Pima unene wote, rangi ikiwemo. Pini fupi haifiki kujifunga, ndefu huchezacheza hadi ikapanua tundu.

Fundi mashua, Lamu
Mwanangu, ndege siijui, faiba naijua. Tundu la faiba huliwa na mtikisiko. Ongeza matabaka mawili ya kitambaa kwa ndani, mstari mzima wa vifungio, kisha ndiyo utoboe. Tumia biti kali, na ubao nyuma usichane. Chuma cha pua kikigusana na alumini kwenye hewa yetu hii, alumini ndiyo inayooza. Paka praima ndani ya kila tundu.

Muulizaji
Shukrani sana, wazee wangu. Jana magharibi mdogo wangu alishika tochi, nikapata nukta zote 11 za juu. Nimetoboa tano, zimekaa sawa. Ila ya sita iko milimita 9 tu kutoka ukingoni mwa faiba, na bakuli la pini ni pana. Niisogeze, au niongeze faiba ukingoni?

Fundi wa ndege, Malindi
Ongeza faiba. Ukisogeza, na tundu la alumini nalo itabidi ulihamishe.