Kipigo kikubwa katika ligi ya kandanda ya Kigaeli: tukichukulieje?

Shabiki wa Kondele, Kisumu:
Ndugu zangu, Jumamosi usiku nilitazama mechi ya ligi ya kandanda ya Kigaeli, ule mchezo wa Ayalandi wa kuchezea mpira kwa mikono na miguu, ambamo upande mmoja ulikuwa umelemewa kabla ya mapumziko. Je, kipigo cha mapema hivyo kina maana yoyote? Tena, matokeo kama 3-12 husomwaje?

Mwalimu wa Kakamega:
Goli moja ni pointi 3, na mpira unaopita juu ya mwamba ni pointi 1, au 2 tangu mwaka 2025 ukipigwa kutoka nje ya tao lililochorwa mita 40 kutoka golini. Kwa hiyo 3-12, yaani magoli 3 na pointi 12, ni pointi 21.

Mzee wa Bungoma:
Mimi nisingewahukumu upesi, kwa kuwa ligi huanza mwishoni mwa Januari, uwanja ukiwa tope tupu, na wachezaji hao, ambao hawalipwi mshahara, wengine ndio kwanza wanajaribiwa. Hata hivyo, divisheni ina timu 8, kila moja hucheza mechi 7 tu, na mbili za mwisho hushuka daraja, isipokuwa katika divisheni ya chini kabisa.

Shabiki wa Kondele, Kisumu:
Ahsante, mzee. Ila walipoteza karibu kila mpira uliopigwa na kipa wao. Hilo silo kosa la tope.