Naomba ushauri: mafua ya wajukuu yamemshukia mama kifuani

Wakuu habari zenu, mama angu ana miaka 74 yuko Njombe na baridi ya huko mwezi wa saba mnaijua wenyewe. Wajukuu walimwambukiza mafua, wao siku 4 tu wakarudi kucheza, yeye wiki ya pili sasa anakohoa usiku kucha, akitembea hadi jikoni tu pumzi inakata na kula hataki kabisa. Duka la dawa wamempa amoksilini, ila si tunaambiwa antibayotiki haiui virusi jamani? Na presha anayo, naogopa isije ikawa nimonia. Nimpeleke apigwe eksirei leo leo au? Yeye anang'ang'ania kujifukiza tu. Halafu chanjo ya mafua kwa wazee inapatikana wapi huku nyanda za juu?